Sangari kwenye mahindi: jembe liwahi, dawa ichelewe

Picha ninazotumiwa kwenye simu zinafanana kila mwaka. Mahindi yamefika magotini, katikati ya mistari pametandazwa zulia la kijani la gugu liitwalo sangari, na chini ya picha kuna maneno haya: "Nimepiga dawa mara mbili, nimepalilia mara mbili, sangari imerudi. Nakosea wapi?"

Wengi wanakosea wakati. Wanaipiga jembe sangari iliyoshiba, halafu wanaipulizia dawa ikiwa bado changa. Inatakiwa kinyume chake, na sababu nitaieleza kila hatua inapoihitaji. Mwongozo huu unaanza siku mahindi ya msimu uliopita yanapotoka shambani, kwa sababu ukisubiri kupanda ndipo ufikirie sangari, msimu huo umeshachelewa.

Kalenda ninayotumia ni ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako kuna vuli na masika. Nyanda za Juu Kusini, wenye mvua za msimu mmoja, nimewawekea maelezo yao kwenye hatua ya 3. Aliye nyanda za juu za Kenya zenye misimu miwili ya mvua afuate ya kaskazini.

## Vitu vya kuandaa

- Jembe la meno matatu au manne, ambalo wengine huliita rato. Jembe la kawaida halifai kwa kazi ya hatua ya 4.
- Reki, au tawi zito lenye miba kama reki huna.
- Vijiti kama ishirini vya kuweka alama, na kamba ya mita 10.
- Bomba la mgongoni la lita 16 lisilovuja, lenye nozeli inayotoa dawa kama feni iliyo bapa. Nozeli ya ukungu wa duara waachie wanaopulizia wadudu.
- Chombo cha kupimia chenye alama za mililita. Kizibo cha chupa si kipimo.
- Maji masafi, ndoo mbili na kitambaa cha kuchujia.
- Glaifosati, dawa ya kuua magugu, ikiwa utafuata njia ya dawa. Ya kawaida madukani ina gramu 360 kwa lita, lakini zipo kali zaidi, kwa hiyo soma namba hiyo kabla hujalipa.
- Mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kilo moja au mbili.
- Glovu za mpira, buti, shati la mikono mirefu, barakoa na miwani.
- Kopo au ndoo iliyotoboka kwa ajili ya jaribio la hatua ya 6. Usiliruke.

Dawa nunua kwenye chupa iliyofungwa, yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Mwaka mmoja niliuziwa chupa iliyokuwa imeshafunguliwa, nikaambiwa "imevuja kidogo tu". Nilichopulizia siku ile sikijui hadi leo, ila sangari ilinawiri.

## Hatua ya 1: Hakikisha unapambana na sangari

Watu huita "sangari" kila jani linalotambaa, kisha wanashangaa dawa ya jirani haifanyi kazi kwao. Ng'oa mche mmoja pamoja na udongo wake, uoshe, uutazame.

Sangari yenyewe ni jamii ya nyasi, kitaalamu *Digitaria abyssinica*. Chini ya udongo ina nyuzi nyembamba, nyeupe au za rangi ya maziwa, zenye vifundo na magamba madogo. Tunaziita mizizi, lakini ni mashina yaliyolala ardhini. Kila kifundo kina jicho, na kila jicho linaweza kuwa mche mpya.

Ukoka hutambaa juu ya ardhi, ukitia mizizi kila unapogusa udongo, na pia una mashina chini. Ua lake ni kama vidole vinavyotoka sehemu moja. Tiba yake inakaribiana na ya sangari, kwa hiyo endelea kusoma.

Ndago si nyasi kabisa. Zungusha bua lake kati ya vidole viwili: lina pembe tatu. Chini utakuta vipira vidogo vyeusi. Dawa za kuua nyasi zinazotumika kwenye maharage haziigusi ndago, na glaifosati huiacha na vipira vingi vilivyo hai. Kama shamba lako ni la ndago, huu si mwongozo wako.

Nyasi za mbegu, zile za mwaka mmoja, hazina nyuzi chini, zina kitita cha mizizi tu. Hizi hufa kwa palizi la kawaida mradi uziwahi kabla hazijatoa mbegu. Miongoni mwake ipo moja ndefu inayofanana sana na mche wa mahindi au mtama ikiwa changa, ila bua lake lina vinyweleo vinavyowasha mikono vibaya (*Rottboellia*). Hiyo usiiache ikomae hata mche mmoja, maana mbegu zake hudondoka kabla hujavuna.

*Umefaulu ikiwa:* umeshika mkononi uzi mweupe wenye vifundo na una hakika umetoka kwenye jani ulilokusudia.

## Hatua ya 2: Weka vijiti

Tembea shamba lote na usimamishe kijiti kila panapoanzia na kuishia kiraka cha sangari. Tembea pia mipaka, njia ya ng'ombe, kingo za makinga maji na sehemu trekta linapogeuzia.

Utagundua mambo mawili. Kwanza, sangari haijaenea sawasawa, imekaa kwa viraka. Pili, viraka vingi vimeegemea mpaka au vimefuata mwelekeo wa kulima. Hilo ni muhimu kwenye mfuko wako, kwa sababu mtu anayepulizia eka nzima wakati viraka vyote havifiki robo eka anatupa pesa.

Vijiti visiondolewe. Utavihitaji baada ya mwaka.

## Hatua ya 3: Chagua njia kulingana na unyevu

Uamuzi huu watu huufanya kwa kuangalia fedha walizonazo. Uangalie udongo kwanza.

Udongo mkavu, jua kali, majani yamejikunja na yana vumbi: tumia jembe. Mashina ya chini yakianikwa hukauka. Dawa wakati huo ni hasara, maana jani lililojikunja halinywi, na likinywa halisafirishi. Vumbi lenyewe hushika glaifosati na kuimaliza nguvu kabla haijaingia.

Udongo una unyevu, majani mabichi yanakua kwa kasi: tumia dawa. Jembe wakati huo linapandikiza. Kipande unachokikata asubuhi kinakuwa kimeshika mizizi kabla ya wiki kuisha.

Kwa kaskazini ina maana hii: kiangazi baada ya kuvuna, Julai hadi Septemba, ni msimu wa jembe. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ni msimu wa dawa, na unabaki na muda wa kutosha kabla ya kupanda masika Machi. Aliye na nguvu ya kufanya yote mawili kwa mwaka mmoja afanye, ndiyo dozi kamili.

Mbeya, Iringa, Njombe na Ruvuma hawana vuli. Wakisubiri mvua ya kwanza waoteshe sangari, waipulizie, wasubiri ife, tarehe nzuri ya kupanda imepita. Kwao dirisha la dawa ni mara tu mahindi yanapokomaa na kuvunwa, udongo ukiwa bado na unyevu na sangari ikiwa bado kijani. Ondoa mabua kwanza, dawa iliyotua juu ya bua imepotea. Ukichelewa hadi majani yageuke rangi ya majani makavu, acha dawa, shika jembe.

## Hatua ya 4: Njia ya jembe

Kanuni: jembe liwahi.

Mche wa sangari unapochipua kutoka kwenye kifundo, majani yake ya kwanza hayajitoshelezi. Yanakula akiba iliyoko kwenye shina la chini. Yakifika matatu au manne, yanaanza kujilisha, na baada ya hapo yanarudisha chakula chini. Ukilikata chipukizi kabla halijavuka majani manne, limetumia akiba na halijalipa. Ukingoja shamba liwe kijani kibichi "ili kazi ionekane", umeipa sangari muda wa kujaza ghala.

4.1 Inua, usikate. Chimba kwa jembe la meno hadi sentimita 20 au 30, maana mashina mengi yako kwenye kina hicho ingawa mengine hushuka zaidi. Inua bonge, ligonge, likung'ute, uvute nyuzi zikiwa ndefu. Jembe la kawaida linakata nyuzi vipande vifupi, na kila kipande chenye kifundo ni mbegu.

Haro ya visahani ni mbaya zaidi ya jembe. Nilikodi trekta mwaka wa kwanza nilipofungua shamba langu, dereva akapiga haro mara mbili, shamba likalala laini kama unga, nikampongeza. Viraka vitatu vikawa shamba zima. Kama ni lazima trekta, omba lenye meno ya kuchimbua, ambalo huvuta mashina na kuyaacha juu. Na mwambie dereva aanze sehemu safi amalizie kwenye viraka, kisha akung'ute vyuma kabla hajatoka.

4.2 Anika. Acha nyuzi juu ya udongo kwenye jua kali kwa siku kadhaa, ukizigeuza. Zikivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu, zimekufa. Zikipinda bila kuvunjika, bado.

4.3 Kusanya kwa reki na uchome, au uzitandaze juu ya mwamba au paa la banda. Usizitupe kwenye lundo la samadi lenye unyevu, utazirudisha shambani mwenyewe pamoja na mbolea. Usizirundike mpakani pia. Na wale wanaompelekea ng'ombe majani ya sangari zizini, wampe majani bila nyuzi.

4.4 Rudia. Hapa ndipo wengi hushindwa. Baada ya wiki mbili au tatu, au mvua ya kwanza ndogo, yaliyobaki yatachipua. Hesabu majani. Yakifika matatu, ingia tena. Awamu ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza, ya tatu ni matembezi tu. Lakini aliyefanya ya kwanza pekee amepogoa.

*Tahadhari:* kwenye mteremko usichimbue shamba lote kwa mara moja karibu na mvua. Fanya viraka vyenye vijiti tu, uache kati yake pamefunikwa na mabua, la sivyo udongo wa juu utahama.

*Umefaulu ikiwa:* kwenye awamu ya tatu unachimba bonge zima na kupata nyuzi chache, fupi, nyingi zikiwa za kahawia.

## Hatua ya 5: Njia ya dawa

Kanuni: dawa ichelewe.

Glaifosati huingia kwa jani na kusafiri pamoja na chakula ambacho jani linatengeneza. Jani changa linapokea chakula kutoka chini, kwa hiyo dawa haishuki. Inaua kilicho juu, unafurahi, na baada ya wiki tatu macho ya chini yanafunguka. Subiri mche uwe na majani matano au zaidi, urefu wa sentimita 15 hadi 20, ukiwa unakua vizuri. Wakati huo mzigo wa chakula unashuka, na dawa inapanda gari hilohilo.

Baada ya mvua ya kwanza ya vuli sangari ikiota, mkono utakuwasha kupulizia wiki hiyohiyo. Subiri.

5.1 Pima bomba lako. Hatua hii watu hawaipendi kwa kuwa ina hesabu, lakini hesabu yenyewe ni ya darasa la tano.

Pima kwa kamba eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu hadi alama unayoijua. Pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, nozeli ikiwa usawa wa goti juu ya majani. Angalia yametumika maji kiasi gani, kisha zidisha mara 40 upate ya eka.

Tuseme yametumika lita 2. Eka moja itakula lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kama lebo inasema lita 2 za dawa kwa eka dhidi ya nyasi za kudumu, gawanya kwa 5: mililita 400 kwa bomba. Ukitembea polepole kuliko mimi, namba yako itakuwa nyingine. Ndiyo maana "vizibo vitatu kwa bomba" vya duka la pembejeo humpa mmoja dozi pungufu na mwingine dozi mara mbili, wote kwa ushauri uleule.

Kiasi cha eka kifuate lebo ya chupa yako, safu ya nyasi za kudumu. Safu ya magugu ya mwaka ina dozi ndogo, na wengi huchagua hiyo kwa kuwa ni rahisi kifedha.

5.2 Tengeneza maji. Glaifosati hushikwa na udongo mfinyanzi. Maji ya mfereji yenye tope yanaiua ndani ya bomba kabla hujaanza kazi. Yaache yatulie usiku kucha, uchote ya juu, uchuje.

Maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu, nayo huidhoofisha kwa sababu ya chokaa iliyomo. Dawa yake iko kwenye ghala lako: SA. Yeyusha gramu 160 hadi 320 kwa bomba la lita 16, uchuje, uitie *kabla* ya glaifosati. Usibadilishe kwa mbolea ya CAN. CAN ina chokaa yake yenyewe, utaongeza tatizo.

5.3 Mpangilio wa kuchanganya. Maji nusu bomba, SA, koroga, dawa uliyopima, koroga, jazia maji. Vaa glovu wakati huu hasa, maana dawa isiyochanganywa ndiyo kali. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingi za viuatilifu hazikukubaliana nalo kwa matumizi ya kawaida. Ubishi huo uwaachie, wewe funika ngozi.

5.4 Pulizia asubuhi umande ukishakauka, upepo ukiwa mdogo, anga ikiwa haina dalili ya mvua kwa saa sita au zaidi. Lowesha majani yang'ae bila kuchuruzika. Kinachochuruzika ni hasara. Fuata vijiti, ongeza mita moja nje ya kila kiraka. Upepo ukianza kuelekea migomba au mboga za jirani, simama. Glaifosati haichagui.

5.5 Usiguse. Usilime, usifyeke, usilishe mifugo kwa wiki mbili hadi tatu. Utaona majani yanaanza kuwa manjano kati ya siku ya saba na ya kumi. Utamwona jirani amepulizia dawa ya kuunguza, shamba lake limekauka kwa siku mbili, naye anakucheka. Dawa za kuunguza hazishuki chini. Muulize tena baada ya mwezi.

Kulima siku ya tatu "kwa kuwa trekta limepatikana" ni kosa ninalolikuta kuliko yote. Unakata shina lililokuwa linasafirisha dawa.

Chupa tupu suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha itoboe ili asiwepo wa kuwekea mafuta ya taa au maziwa.

## Hatua ya 6: Jaribio la kopo

Macho hudanganya. Majani yaliyokauka hayakuambii chochote kuhusu chini. Kabla hujatumia pesa ya mbegu na mbolea ya DAP, fanya hivi.

Chimba sehemu tano tofauti za viraka. Toa jumla ya vipande 20 vya mashina, kila kimoja chenye vifundo viwili au vitatu. Vitazame: kilicho hai ni cheupe, kigumu, kikikatwa kina maji. Kilichokufa ni kahawia, laini au kitupu ndani.

Vifukie vyote kwenye kopo lenye udongo mbichi, kina cha vidole viwili, weka kivulini penye joto, mwagia maji kidogo kila siku. Baada ya wiki mbili hesabu vilivyochipua.

Mimi hutumia kipimo hiki, ambacho ni cha uzoefu wangu tu: vikichipua viwili au chini ya hapo, napanda na kufuatilia kwa mkono. Vitatu hadi sita, narudia kazi kwenye viraka vyenyewe mara moja zaidi. Zaidi ya hapo, sehemu ile haipandwi mahindi msimu huo, nairuka hadi hatua ya 9.

## Hatua ya 7: Panda ili mahindi yafunike

Sangari hupenda jua na huchukia kivuli. Mstari wenye mapengo ni mwaliko.

Panda kwa mvua ya kwanza ya kuaminika, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kwa shimo, au 60 kwa mbegu mbili. Mbolea iwekwe kwenye shimo. Ukiimwaga kati ya mistari, unajua nani ataifikia kwanza. Ziba mapengo ndani ya wiki moja baada ya kuota.

Dawa za kupulizia baada tu ya kupanda, za atrazini na metolaklori, zina kazi yake: huzuia mbegu za magugu zisiote. Mashina ya sangari haziyagusi. Nunua kwa ajili ya nyasi za mbegu na majani mapana, usitarajie zaidi. Na 2,4-D huua majani mapana tu. Mahindi ni nyasi na sangari ni nyasi, 2,4-D inayapita yote mawili salama.

## Hatua ya 8: Wiki sita za ulinzi

Mahindi huumizwa zaidi na magugu kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya kuota. Sangari inayochipua wiki ya kumi haitakupunguzia sana mavuno ya mwaka huu, lakini itajaza ghala la mwaka ujao.

Palizi la kwanza lifanywe wiki ya pili au ya tatu, kwa kutazama chipukizi. Majani matatu, ingia. Palia juujuu karibu na shina la mhindi, maana mizizi yake inaenea pembeni. Kwenye kiraka tumia meno, uvute nyuzi, uzibebe kwenye ndoo utoke nazo. Palizi la pili lifuate wiki mbili au tatu baadaye.

Kama umezidiwa, ipo nikosulfuroni, dawa ambayo mahindi huivumilia na nyasi nyingi haziivumilii. Sangari changa huidumaza vizuri, ila usitarajie imalize mashina ya chini. Ina masharti matatu:

Mahindi yasiwe yamepita kimo kilichoandikwa kwenye lebo.

Usiitumie kama umechanganya maharage au kunde, itaviua. Mtama pia.

Usiikaribishe na dawa za wadudu za jamii ya klopairifosi, kabla wala baada, kwa wiki nzima walau. Mahindi huungua. Tangu viwavijeshi vamizi waingie, watu hupulizia wadudu kila wanapokumbuka, kwa hiyo andika tarehe zako ukutani.

*Umefaulu ikiwa:* wiki ya saba ukisimama kati ya mistari, majani ya mahindi ya mistari miwili yanagusana na chini pako pana kivuli.

## Hatua ya 9: Viraka sugu vipewe zao jingine

Pale ambapo kopo lilikukatalia, acha mahindi msimu mmoja. Panda maharage, soya au alizeti. Kwenye mazao hayo ya majani mapana unaweza kupulizia dawa zinazoua nyasi pekee, kama haloksifopu, fluazifopu au kwizalofopu, juu ya zao lenyewe, kama lebo inalitaja. Pulizia sangari ikiwa na majani manne hadi sita na udongo una unyevu. Kisha soma lebo inataka usubiri siku ngapi kabla ya kupanda nafaka pale, maana dawa hiyo haijui tofauti ya sangari na mhindi.

Asiyetaka dawa apande ngwara au viazi vitamu kwa nafasi ndogo. Ngwara ikifunga ardhi miezi kadhaa, sangari inabaki na vijani vichache vya rangi ya njano, na kwenye viazi vitamu uvunaji wenyewe ni kuchimbua: kila tuta unalofungua unatoa nyuzi. Lete ndoo mbili, ya viazi na ya sangari.

## Hatua ya 10: Mpaka

Ukisafisha shamba ukaacha kingo, miezi sita baadaye uko ulipoanzia. Sangari inatoka kwenye kingo za makinga maji, chini ya ua, kandokando ya njia.

Chimba ukanda wa nusu mita kuzunguka shamba, utoe nyuzi zote, kisha uujaze kitu kingine. Kwenye tuta la fanya juu (kinga maji ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu), matete yaliyopandwa karibukaribu huifunika. Lakini nayo yaangalie mwaka wa kwanza, kabla hayajafunga. Na jirani mwenye sangari mpakani, zungumza naye kabla ya msimu, mchimbe wote siku moja. Ukimsubiri mgombane mpaka uko wapi, sangari imeshavuka.

Majembe na plau za kuazima zioshwe langoni.

Ukimaliza kuvuna, rudi kwenye vijiti vya hatua ya 2 kabla ng'ombe hawajaingizwa kula mabua. Vilivyosimama mahali pasipo sangari ving'oe. Vilivyosimama penye sangari viache, na hapo ndipo jembe la meno lianzie kiangazi hicho.